Ngoma ya Spana Kumi

Juzi nilishuka Chimala kununua mchele, na kabla sijauliza bei nikaipata harufu ile. Mama mmoja muuza supu alikuwa anababua kwato za ng'ombe juu ya mkaa, na moshi wa ngozi na manyoya ukanijia puani. Vidole vyangu vikaanza kugonga mpini wa kikapu vyenyewe. Mimi, bibi wa wajukuu watano! Muuza mchele akaniuliza kama nina haraka. Nikamjibu kwamba nina haraka tangu utotoni.

Nisiwadanganye, sikuwa mtoto wa kutulia. Miaka ile ya sabini tulikuwa tunakaa Mlandege, Iringa, nyuma ya gereji ya baba. Mama, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliniita kutoka jikoni, "Gwe Sekela! Kaa kitako!" mara nyingi kuliko alivyoniita kula. Niligonga sahani, niligonga dawati, niligonga mlango wa choo mtu akiwa ndani. Siku moja mwalimu alinifunga mikono kwa leso, nikaendelea kwa visigino.

Kaka yangu Lwitiko alikuwa na ugonjwa huohuo, ila wake ulikuwa kwenye gitaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi wa breki wa baba, na gitaa alilichonga mwenyewe, nyuzi zake zikiwa nyaya za breki za baiskeli. Rafiki yake Kirit, ambaye baba yake alikuwa na duka la redio mjini, alileta gitaa la besi na spika iliyochanika. Waliiunga kwenye betri ya lori. Spika ile haikuimba, ilinguruma na kukwaruza kama gari lililokwisha breki, nao wakaipenda hivyohivyo. Walichokosa ni mpiga ngoma, na mimi nilikuwa pale nikigonga bodi ya Land Rover ya watu.

Ngoma tuliitengeneza kwa pipa la dizeli lililokatwa katikati. Ngozi ilitoka Ubaruku, kwa Wasukuma waliohamia na mifugo yao bonde la Usangu, marafiki wa baba. Ilifika juu ya shehena ya mpunga, ngumu kama ubao na inanuka. Fimbo zangu zilikuwa mipini miwili ya nyundo. Bendi tuliiita Spana Kumi, kwa sababu spana namba kumi ndiyo iliyokuwa ikipotea kila siku gereji na kila mtu akiitafuta.

Sasa, Iringa ni baridi, na ngozi ikipata ukungu inalegea, ukiipiga inatoa sauti ya godoro. Kabla ya kupiga lazima uipashe moto. Kazi hiyo ilikuwa yangu peke yangu. Niliiinamisha ngoma juu ya jiko la mkaa, nikaigonga kwa kidole huku nimeitegea sikio, kwa maana macho hayakwambii kitu. Ngozi yenyewe inapanda sauti kidogokidogo, na kuna mahali inakwambia basi. Ukiondoa mapema, godoro. Ukichelewa, imekaukiana, na fimbo moja nzito inatosha kuichana.

Wimbo wetu mkubwa ulitoka kwa mama bila yeye kujua. Lwitiko aliimba, au niseme alifoka, "Kaa kitako!" nami nikajibu kwa sauti yangu yote, "Sikai!" Halafu ngoma. Hakukuwa na mengi zaidi ya hayo. Bibi jirani, Mhehe mmoja mkali, alikuja mlangoni kila Jumamosi mchana, akaamkia "Kamwene" kwa adabu zote, kisha akatukumbusha kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Lakini vijana walijaa gereji mpaka wengine wakakaa juu ya matairi. Tukaitwa kupiga shuleni, halafu ukumbi wa mji. Madereva wa malori wakaupeleka wimbo barabara nzima, na siku moja ikaja barua kutoka Mbeya: kuna dansi la mchana, na watu wa redio watakuwapo na gari lao la kurekodia.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilitaka kitu kimoja tu duniani, kupiga ngoma ile Mbeya na redio isikie. Tulipanda lori alfajiri. Palepale Chimala likavunjika springi, tukashinda juani hadi adhuhuri, ngoma iko juu ya bodi. Nilipoigonga tulipoondoka ilikuwa inalia kama kengele. Haikuhitaji moto hata wa kiberiti.

Mbeya tulikuta bwana mwenye tai kutoka redioni. Alinitazama, akatazama mipini yangu ya nyundo, akasema hawezi kurekodi mtoto wa kike akipiga ngoma dansini, watu watasemaje. Alikuwa amekwisha kumtafuta mpiga ngoma mtu mzima, Bwana Edson wa bendi ya hoteli. Nilimwangalia kaka yangu. Yeye aliangalia viatu vyake.

"Ipashe moto tu, Sekela," akasema. "Halafu ukae na akina mama kule jikoni."

Ukae! Yeye aliyenifundisha kujibu sikai! Hasira niliyoipata siku ile bado naijua, ilianzia magotini. Nikaichukua ngoma hadi uani, kwenye jiko la wapishi, nikaiinamisha juu ya mkaa. Sikuitegea sikio. Niliikalisha pale nikaitazama, mpaka ikaanza kunuka manyoya. Kisha nikampelekea Bwana Edson, nikamwambia, "Shikamoo, iko tayari."

Ilipasuka kwenye ubeti wa pili. Paa! Nilikuwa dirishani, mkono mdomoni. Bwana Edson alibaki na fimbo hewani, na bwana wa redio akashika kichwa. Lakini Lwitiko hakuacha. Alikanyaga ubao wa jukwaa kwa kiatu, Kirit akamfuata, na alipofoka "Kaa kitako!" ukumbi mzima ukajibu "Sikai!" huku watu wanakanyaga sakafu mpaka madirisha yakatetemeka. Sauti yangu ilikuwa imechukuliwa na watu mia mbili.

Hiyo ndiyo rekodi mliyoisikia, ninyi wa rika langu. Ule mpasuko uliachwa humo. Watu waliungoja redioni, ukifika wanapiga kelele, na bendi nyingine zikaanza kugonga mabati kuuigiza. Spana Kumi wakahamia Dar es Salaam, wakapata vyombo vya kung'aa. Baba alisema ni kelele tu, akaongeza sauti ya redio.

Lwitiko alinialika kila likizo nikajaribu ngoma mpya. Nilikataa. Niliogopa kwamba nikishika fimbo tu ataiona hatia yangu mikononi. Nikasoma, nikawa mwalimu, na kwa miaka zaidi ya thelathini nikawaambia watoto wa watu wakae kitako.

Niliporudi na mchele wangu nilipitia kwake Mlandege. Ni mzee sasa, anafuga kuku mahali palipokuwa gereji. Nikamwambia yote, bila hata kukaa.

"Najua," akasema. "Nilikuona. Siku zote uliitegea sikio. Siku ile uliitazama tu."

"Na hukuniambia, kaka?"

"Ningeweza kuiondoa motoni, Sekela. Nilishindwa kumkatalia yule bwana, nikaona wewe umeweza. Baadaye ukaacha ngoma, nikajua ni kwa sababu nilikwambia ukae. Ningeanzia wapi?"

Nilimkasirikia tena, palepale, kwa miaka yote ile. Halafu nikajikasirikia mwenyewe. Mtoto yule alidhani kosa lake ni ile ngozi. Ngozi ilikuwa ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Vilivyodhulumika ni hivi, vidole vyangu, ambavyo havikuwa vimemkosea mtu. Bwana wa redio alininyima siku moja, na zote zilizofuata nilijinyima mwenyewe.

Lwitiko akaanza kugonga meza. Niliutambua wimbo wetu kabla hajafika mbali. Akafoka kwa sauti yake iliyochakaa, "Kaa kitako!" kisha akaacha nafasi ileile aliyokuwa akiniachia gerejini, akaningoja.

Kuku walitimuka kwa sauti yangu. Jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu mimi nilikuwa natafuta kitu cha kugongea.