Picha Niliyomtumia Daktari wa Mama

Jamani, msimtafute mchawi. Aliyempotezea mama mguu ni mimi, msomi wa Mkuyuni hapa Mwanza, mwenye simu ya bei mbaya.

Mama anaishi Nansio, kule kisiwani, ana kisukari. Alipopata kidonda unyayoni, nesi wa kule akamsajili kwenye mfumo wa simu: kila siku unatuma picha ya kidonda na kujibu maswali, daktari bingwa huku Mwanza anaangalia na kuelekeza. Hakuna kupanda meli kila wiki. Raha iliyoje!

Dada yangu Neema, anayeishi na mama, alitaka kazi hiyo aifanye yeye. Nikamcheka. "Wewe na mambo ya mfumo wapi na wapi? Nipigie picha tu, mengine niachie."

Siku nne nilikuwa mtoto mwema. Kisha picha za Neema zikawa zinanikuta kikaoni, sizifungui. Ila mfumo unadai! Basi nikawa narudia ile picha ya siku ya nne, iliyotoka vizuri. Homa? Hapana. Uvimbe? Hapana. Harufu? Hapana. Dakika moja, nimeshamaliza kuuguza! Mfumo ukanipongeza kwa kutokosa hata siku. Pongezi nikairusha kwenye grupu la ukoo, wajomba wakanimiminia baraka.

Mama akapiga. "Mwanangu, mguu unanuka. Nasikia na baridi."

"Mama, bingwa kasema unaendelea vizuri. Kati yako na bingwa, nani anajua?"

"Haya baba. Anajua yeye."

Ole wangu!

Neema hakuningoja, akampandisha mama meli. Nikawakuta hospitali, Mwanza. Yule daktari bingwa akafungua bandeji, akatazama mguu, akatazama kompyuta.

"Picha hizi anatuma nani?"

Nikasema mtandao wa kisiwani unasumbua. Ndiyo, nilisingizia mtandao! Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Picha kumi na saba, zote zina nzi yuleyule, ametua palepale.

Walimkata chini ya goti.

Alipozinduka, mama akawaambia wenzake wodini, "Huyu ndiye aliyekuwa akinihangaikia kwenye simu kila siku." Neema akanitazama, akatoka nje. Hajanisemesha tena.

Nyie mnaouguza kwa simu, bingwa anaona kile tu mnachomwonyesha. Mgonjwa akisema panauma, panauma!

Jumapili iliyopita mama alisimama kanisani kwa magongo, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto kama mimi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.