Kichuguu cha Mama, Gereji ya Baba

Harufu ya oili chafu ya injini ikichanganyika na chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaoanikwa juani kama mchanga wa fedha, huwafanya watu wengi wazibe pua. Mimi nikiisikia popote, hata kwenye stendi ya mabasi ya Mansa, tumbo langu hutulia kama mtoto aliyepewa titi. Ndiyo harufu ya uwanja wetu wa Nchelenge, mwishoni mwa miaka ya tisini, msimu ule baba alipojenga gereji nyumbani. Mimi sasa ni bibi, na usiniangalie hivyo, sina hata mvi. Kwetu hapa ziwani ukizaa mapema na mwanao naye akazaa mapema, utaitwa bibi ukiwa bado unabeba ndoo ya maji kutoka ufukweni bila kutua njiani. Shule niliishia darasa la saba. Lakini lori likipita barabarani likikohoa, nakuambia linaumwa wapi kabla halijafika sokoni Kashikishi, na hayo nitakayosimulia ndiyo yaliyonifundisha.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari huko kwenye migodi ya shaba, mbali na sisi. Mama alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilipikwa chungu kimoja na Kibemba. Utoto wangu wote baba alikuwa mgeni: anakuja na mkate, anakaa, anasifia samaki, anaondoka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mama alisema kila paa lilipovuja. Kisha mgodi ukauzwa, watu wakarudishwa makwao, na baba akashuka kutoka juu ya lori la mizigo akiwa na sanduku la bati lililojaa spana na jiliwa moja zito, kile kifaa cha kubania vyuma, alilolifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Watoto wenzangu walifurahia mkate. Mimi nilitazama lile jiliwa nikajiambia, mtu hasafiri na chuma kama hiki kwa likizo. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila basi la mjini lilipopiga honi, baba aliinua kichwa. Nilikuwa na umri wa kuelewa, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: asirudi kule.

Alisema atafungua gereji nyuma ya nyumba. Magari ya kubeba samaki yalikuwa mengi, mafundi wa kweli hakuna, na kila mwaka mwezi wa kumi na mbili serikali hufunga ziwa ili samaki wazaliane. Ziwa likifungwa, magari yanalala, na gari linalolala ndilo linalotengenezwa. Kwa hiyo kila kitu kilitakiwa kiwe tayari kabla ya ziwa kufungwa. Ukikosa msimu ule, wenye magari wanayapeleka Mansa, na wewe unabaki na spana zako ukikuna nazo mgongo. Baba hakuchora ramani kwenye karatasi. Alichora chini kwa kijiti, akaweka gunzi la hindi pale litakapokaa jiliwa, ndala ya mama pale patakapokaa mafuta, sufuria iliyotoboka pale pa moto wa kuchomea vyuma. Gari lilikuwa mimi. Nilitembea nimeinama, nikinguruma, naye akinielekeza kwa mikono: kata kushoto, rudi nyuma, hapo hapo, fungua mlango. Kama mlango wangu, yaani kiwiko changu, uligonga gunzi, gunzi lilihamishwa. Mama alikatiza katikati yetu na beseni la mihogo kichwani, baba akamwambia amepita ukutani. Mama hakugeuka hata kidogo. Alisema huo ndio ukuta wa kwanza aliowahi kuupita bila kuumia, na kama gereji yenyewe itakuwa hivyo hivyo basi wezi watafurahi sana.

Tulijenga. Jiliwa lilipigiliwa juu ya kisiki cha mubanga, mti mgumu ambao mchwa wakiuonja wanatema. Rafu za vifaa baba alizifanya kwa mbao laini za makasha, akizipigia mluzi kwa furaha, na mchwa wakazila zote. Hawakubakiza hata harufu. Asubuhi moja tulikuta misumari imesimama ndani ya udongo na mkebe wa grisi umekaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti. Mchwa wale walitoka kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa uani kwetu, kirefu kufika paa, nami nitakirudia, maana ndicho chenye hadithi. Basi spana zikahamia ukutani. Baba alizitundika kwenye misumari, na kila moja akaizungushia mstari wa mkaa, ili ikikosekana, ukuta useme wenyewe. Mimi nilijua namba za spana kabla sijajua kugawanya shuleni: kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na saba. Taa ya umeme hatukuwa nayo. Baba akachukua kioo cha mama cha ukutani, akanifundisha kukishika ili jua ligonge kioo na liingie pale gizani anapotazama. Mama alikililia kioo chake, kisha akazoea kujisuka kwa kushika nywele na kukisia.

Kilichobaki ni shimo. Fundi hafanyi kazi akiwa amelala mavumbini kama mbwa, alisema baba, anasimama chini ya gari kama mtu. Akachimba shimo refu kwenye ardhi iliyokauka, akalijengea kwa matofali, akaniingiza ndani nipige kelele nisikie sauti yangu ilivyo nene. Kule migodini mashimo hukaa makavu. Ndilo kosa lake, na ni kosa la mtu wa ziwani aliyeishi mno mjini, maana hapa kwetu ziwa haliishii ufukweni, linaendelea chini ya miguu ya watu. Mvua za kwanza ziliponyesha, maji hayakuingia shimoni kutoka juu. Yalipanda kutoka chini, taratibu, yakiwa safi kabisa, na siku iliyofuata vyura walikuwa wameshahamia na familia zao. Tulichota kwa ndoo, yakarudi. Tulichota tena, yakarudi yakicheka.

Siku hiyo ndipo alipofika Mama Feza, mfanyabiashara wa Kikongo aliyekuwa na pikapu ya zamani ya kubebea samaki, klachi imechoka, moshi mweusi. Yeye ndiye aliyeahidi kuwa wa kwanza, na wenye magari wengine walikuwa wakimtazama yeye. Alisimama ukingoni mwa shimo, mikono kiunoni, kitenge kimefungwa kwa hasira.

"Bashi Mwape," akamwita baba, yaani baba yake Mwape, ambaye ni mimi, "miye natafuta mutu wa kutengeneza gari. Haukuniambia kama uko unafuga kambale."

Majirani walicheka mpaka wakashikana. Baba naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa chepesi kama ganda la karanga. Mama Feza akasema atasubiri kidogo, si sana, kisha Mansa si mbali. Alipoondoka, baba alienda ukutani akaanza kuondoa spana, moja baada ya nyingine, akizifuta na kuzirudisha kwenye sanduku la bati. Alimwambia mama kwamba mjini kuna mtu anayemjua, labda kazi ndogo, labda kwa muda. Mimi nilisimama na kioo mkononi nikitazama ukuta. Ilibaki ile michoro ya mkaa tu, umbo la kumi na tatu bila kumi na tatu, umbo la nyundo bila nyundo. Sijawahi kuona kaburi lililonitisha kama ule ukuta.

Sasa nirudi kwenye kichuguu. Kwetu kichuguu kikubwa si udongo tu. Mvua zikianza, kumbikumbi hutoka ndani yake kama moshi, na mwenye kichuguu ndiye mwenye kuwakamata, kuwakaanga na kuwagawa. Kwa hiyo kina mwenyewe, kama shamba. Kile cha uani kwetu bibi mzaa baba alimpa mama siku ya kuolewa, akafyeka majani kukizunguka ili watu wote waone, akamwambia kwamba mwanamke aliyetoka ng'ambo sasa ana mahali. Mama alikitunza kuliko nyumba. Kuku akipanda pale, kuku alijuta. Jioni ile mama aliacha sufuria motoni, akaenda kukizunguka kichuguu chake polepole akikipiga kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji. Kisha akamwita baba, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo.

"Huku chini kuko maji, basi panda. Kichuguu hii ni ngumu kupita matofali yako. Pasua katikati, gari ipite juu, weye usimame ndani. Upande wa jua kutoka uache, kumbikumbi batoke. Hii nyingine nakupatia."

Baba alisema hawezi kuchukua kitu ambacho mama yake mwenyewe alimpa mkewe. Mama akasema hajamaliza.

"Lakini mutu mwenye kupewa kichuguu hawezi kuhama tena. Kama unaitaka, sanduku lako lilale tupu."

Baba alinitazama mimi, akatazama barabara, kisha akachukua jembe.

Udongo wa kichuguu hautaniani na mtu. Tulikata kilele kikawa bapa, tukapasua njia katikati, nyembamba, yenye kuta mbili za kubeba matairi. Matofali ya lile shimo la vyura tuliyang'oa na kujengea mteremko wa kupandia. Njia ilipofika kimo, baba alisimama ndani akanyoosha mikono juu, akapima kwa mwili wake. Ikamtosha. Nikaingia mimi na kioo changu, nikanyoosha, sikufika popote. Akaniangalia kidogo, kisha akachonga kidato ubavuni mwa ukuta, akakilainisha kwa maji na kiganja, akasema nipande. Nikafika. Nilimuuliza ni cha nini, wakati yeye ni mrefu.

"Chako," alisema. "Mwakani utakuwa umerefuka, tutakipunguza."

Aliendelea kuchonga kama mtu ambaye hajasema jambo kubwa. Mimi niligeuza uso ukutani. Mwakani. Neno dogo, lakini nililiweka mdomoni nikalinyonya siku nzima kama muwa.

Bado Mama Feza. Alikuja, akaangalia, akasema kichuguu kina matundu ndani kama mkate, na pikapu yake ikizama atazikwa nayo nani. Hoja yake ilikuwa na maana, hata baba alikubali. Hatukuwa na gari jingine la kujaribia. Mama akafunga kitenge, akaenda kuwaita wanawake wenzake wa kanisa, na wanawake wa kanisa letu, nisikufiche, walikuwa wanene. Walipanda juu ya zile kuta mbili, huku na huku, wakaanza kuimba, na walipofika kwenye kiitikio wakarukaruka kwa miguu yote kama wanaponda mihogo. Vumbi likapanda. Baba alikuwa ndani chini yao, kwa kupenda kwake, akitazama kuta zote mbili nami nikimmulikia kutoka mlangoni. Hakuna hata punje iliyodondoka. Mama Feza alisimama ameshika tama mpaka kiitikio cha tatu, akavua viatu, akapanda naye kucheza. Aliposhuka akihema alimrushia baba ufunguo.

Pikapu ilipanda mteremko ikilia, ikakaa juu ya kichuguu kama kuku juu ya mayai. Baba alifungua giaboksi amesimama wima, mkavu kuanzia unyayo hadi kisogo, na mimi juu ya kidato changu nikipeleka jua mahali alipoelekeza. Nje mvua ilikuwa imekatika, shimo la zamani limejaa vyura wakitusimanga. Ziwa lilipofungwa, magari yalipanga foleni kwenye majani, kutoka Chienge, kutoka Mwansabombwe. Spana zilirudi ukutani, kila moja ndani ya mkaa wake. Na sanduku la bati mama alilijaza unga, ili lisipate kazi nyingine.

Baba hakurudi mjini. Aliugua akiwa mzee, akafa hapa hapa, na kucha zake zilikuwa na oili hata siku ile. Kila mwaka alikipunguza kidato kwa jembe dogo, kidogo tu, kadiri nilivyorefuka, hadi siku niliposimama sakafuni nikafika mwenyewe, na ukuta ukawa laini kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Leo gereji ni ya mwanangu Kalaba. Ana mashine ya umeme inayoinua gari, ana pampu ya upepo, ana simu inayomwonyesha injini za nchi ambazo hatafika. Sizidharau. Mashine ile inapanda vizuri kuliko mteremko wetu, na mgongo wa mwanangu hautaumwa kama wa babu yake. Umeme ukikatika, na siku hizi unakatika kama umelipwa, vijana wanakaa wakinitazama, nami nawaambia kichuguu hakina waya. Wanapeleka gari juu yake. Kumbikumbi bado wanatoka upande wa jua kutoka, na bado ni wangu.

Kalaba ana binti, amepewa jina langu, Mwape, na hana woga hata wa nyoka. Juzi umeme ulikatika, gari likapandishwa, nikamkuta amesimama ndani ya ile njia na kioo cha mama yake, amenyoosha mikono, hafiki popote, analia kwa hasira. Wahenga wetu husema miti inayochipuka ndiyo msitu. Sikumbembeleza. Nilienda nyuma ya nyumba nikachota udongo, nikaukanda kwa maji, nikaubandika ukutani pale pale palipokuwa na kidato changu na kuulainisha kwa kiganja. Umekauka leo asubuhi. Alipopanda aliniuliza kidato ni cha nini, wakati mimi bibi yake ni mrefu.