Neno Langu Juu ya Baba Mkubwa

Baba alipofariki, kaka yake mkubwa alilia kuliko watu wote msibani. Alijitupa chini, akashikwa na wanaume wawili. Arobaini ilipopita, alikuja na fimbo, akafungua zizi letu, akaswaga maksai wa baba mpaka kwake. Mama alimuuliza, "Shemeji, mimi na watoto tutalimia nini?" Akajibu bila kugeuka, "Mali ya ukoo inarudi kwenye ukoo."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kununua mahindi, na malori ya wafanyabiashara yalianza kupanda mpaka vijiji vyetu vya upande wa Mwazye. Mwenye maksai na mkokoteni alibeba mahindi ya wenzake mpaka barabarani, akawa mtu. Baba mkubwa alitaka kuwa mtu. Maksai alishawapata. Lilibaki shamba letu la bondeni, lenye udongo mweusi, na mama yangu alikuwa amesimama katikati yake na jembe la mkono.

Basi akawaita lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Tulikusanywa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, asubuhi, upepo wa Ufipa ukipuliza mavumbi usoni. Mganga mmoja alikwenda nyumbani kwetu na kijembe, akarudi ameshika pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Alisema ameifukua chini ya kizingiti chetu, na kwamba ndiyo iliyomuua baba.

Mama hakulia. Alisogea mbele, akamtazama baba mkubwa, si mganga.

"Pembe hii siijui," alisema. "Mume wangu alikohoa mwaka mzima na ninyi nyote mlimsikia. Shemeji, kama unataka shamba, sema unataka shamba. Usimtukane marehemu kwa kusema aliuawa na mkewe."

Hakuna aliyemuunga mkono. Watu aliowazalishia wake zao, watu aliowapikia misibani, walitazama chini. Mganga aliamuru mama anyolewe, maana ndivyo walivyomwosha mtu uchawi. Wakamkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, wakamnyoa kwa wembe mkavu, na upepo ukazichukua nywele zake ukazipeleka kwenye miguu ya watoto niliokuwa nasoma nao. Baba mkubwa alisimama amekunja mikono. Nilimkariri siku ile. Nilikariri mpaka kifungo kilichokosekana kwenye koti lake.

Tulihamia mjini Sumbawanga, tukapanga chumba mtaa wa Chanji. Mama aliuza unga wa ulezi sokoni. Kichwa chake kilipoota nywele alijiunga na jumuiya ya kanisa ya pale mtaani, na kwa sababu alisoma vizuri, wanawake wakamwomba awafundishe Biblia kila Alhamisi jioni. Alichagua manabii wanawake. Alianza na Miriamu na ngoma yake, akaja Debora aliyeamua kesi za watu, akaja mama mjane Ana aliyemtambua mtoto hekaluni. Lakini aliyempenda ni Hulda. Mfalme alituma wakubwa wake kwenda kumuuliza, na Hulda hakuwatafutia maneno matamu. Aliwaambia wakamwambie yule aliyewatuma kwamba mabaya yanakuja.

"Nabii si mtu wa kubashiri," mama aliwaambia wanawake. "Ni mtu anayesema lililopo, mbele ya wanaotaka lisisemwe."

Mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza, lakini yangu yalikuwa kwenye ukurasa mwingine. Nilikuwa nimegundua ule wimbo wa Debora unaomsifu Yaeli, mwanamke aliyemlaza jemadari hemani, akampa maziwa, kisha akachukua nyundo akampigilia kigingi cha hema kichwani. Niliusoma kila siku kabla ya kulala. Jemadari wangu alikuwa na koti lisilo na kifungo. Siku moja mama alinisikia nikisoma, akaja akafunga Biblia.

"Hayo ni maneno ya Mungu," alisema, "lakini usiyasome kwa sauti hiyo."

Miaka ikaenda. Nikawa fundi cherehani, na Jumapili nikawa msomaji wa somo la kwanza. Baba mkubwa naye alikua. Aliacha mkokoteni, akawa dalali wa wenye malori, akajenga nyumba ya bati mjini, na siku moja nikamwona kwenye benchi la mbele katika kanisa letu, amevaa suti. Alitoa saruji ya kumalizia ukuta. Watu wakamwita mzee wetu. Mama alipomwona alihamia benchi la nyuma, akaendelea kusali kama kawaida. Mimi nilisoma masomo yangu nikimtazama yeye, Jumapili baada ya Jumapili, naye alitazama mishumaa.

Halafu likaja tangazo. Baada ya komunyo katekista alisimama akasema wazee wamempendekeza baba mkubwa awe mwenyekiti wa kanisa letu. "Kama kuna mwenye neno juu yake," alisema, "asimame." Alisema kwa mazoea tu, tayari ameanza kukunja karatasi.

Nilisimama. Nilihisi mkono wa mama ukivuta kwa nyuma kitenge nilichojitanda, nikauachia kitenge.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," kanisa likajibu.

"Mimi nina neno. Mzee huyu ni kaka wa marehemu baba yangu. Aliwaleta lambalamba wamwite mama yangu mchawi, akachukua maksai wetu, akachukua shamba letu. Mama yangu ndiye huyu hapa. Mnamjua. Amewafundisha wake zenu kusali."

Baba mkubwa aliinuka taratibu, akatabasamu kwa watu. "Mwanangu," alisema, "haya ni mambo ya ukoo. Tutayamaliza nyumbani."

"Baba mkubwa, mama yangu hakunyolewa nyumbani. Alinyolewa uwanjani, mbele ya watu."

Tabasamu lilimtoka. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kule kufutika kwa tabasamu lile. Kisha bibi mmoja, aliyehama kutoka kijiji chetu, akajiinua kwa fimbo yake. "Anasema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika beseni la maji waliyomwoshea baada ya kumnyoa." Akaketi akajifunika uso kwa khanga. Katekista alimtazama padre, padre akatazama altare, na mambo ya mwenyekiti yakaahirishwa. Baba mkubwa alitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Njia ya katikati ilikuwa ndefu, na nilimtazama mpaka mlangoni.

Tulirudi nyumbani. Mama alivua viatu, akakaa kitandani.

"Umesema kweli," alisema. "Lakini umeifurahia."

"Ndiyo, mama. Nimeifurahia."

"Hulda hakufurahia."

"Mama yake Hulda hakunyolewa."

Alinitazama, nikaona anataka kunigombeza na anataka kucheka, asifanye lolote kati ya hayo.

Wazee wa kanisa walimfuata baba mkubwa, na kabla ya mvua za mwaka ule shamba la bondeni likarudi kwa mama. Maksai walikuwa wamekwisha kuchinjwa zamani. Baba mkubwa alikuja mwenyewe Chanji, akiwa na mzee mmoja wa kumsindikiza, akapiga magoti sakafuni, akaomba msamaha. Mama alimwinua kwa mkono wake. Alimwekea kiti, akampikia ugali wa ulezi na maharage, akamnawisha mikono.

"Msalimie baba yako mkubwa," aliniambia.

Shikamoo ilikuwa mdomoni, nyepesi, hata mgeni wa njiani hupewa bure. Nilichukua ndoo, nikapita mbele yake, nikaenda bombani. Nilikaa huko nikizungumza na wasichana wa jirani mpaka nilipomwona anashuka barabara, mzee aliyemsindikiza mbele, yeye nyuma, koti begani. Alifariki miaka kadhaa baadaye, na mpaka anafariki hakuisikia shikamoo kutoka kwangu.