Kila Ninapopima Mchanga, Malori Hufika

Admin, jina langu libaki kwako tu, na hata mto wenyewe usiutaje. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi Machakos mjini na mume wangu. Nasomea shahada ya uzamili ya sheria na utunzaji wa mazingira, na utafiti wangu ni kuhusu mchanga wa mto mmoja wa msimu huko upande wa Ekalakala. Wale walionicheka kwamba nimeacha ualimu ili nikasomee mchanga, leo wacheke vizuri.

Kwa wasiojua kwetu, mto huo miezi mingi hauna maji juu, lakini ukichimba mchangani unayapata. Akina mama wa kikundi kimoja walijenga ukuta wa mawe kuukata mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na mchanga huo ndio tangi lao. Ukichukuliwa, maji yamekwenda nao. Kazi yangu ni kutembea mtoni na chuma kirefu, nakigonga kwa nyundo mpaka kiguse mwamba, hapo najua mchanga una kina gani. Palipo na kina ndipo penye maji. Kwa bahati mbaya ndipo wenye malori wanapopatafuta pia.

Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa nasimulia. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na tangu nianze kusoma hakuwahi kuniuliza habari za chuo, ila hii ya mchanga aliipenda ghafla. "Leo umepima wapi, Mama Mwende?" ananiuliza huku akinimiminia chai mwenyewe. Wanawake wenzangu, mume akianza kukumiminia chai, muulize anatafuta nini. Mimi nikaona nimependwa. Nikawa namwambia kila kitu: pale kwenye kona, pale chini ya daraja, hapo chuma kilizama chote.

Haukupita muda, malori yakaingia pale kwenye kona. Nikasema ni bahati mbaya. Kisha yakaingia chini ya daraja. Mto ni mrefu jamani, lakini watu hawa hawakuwa wanabahatisha, walikuwa wanakwenda pale pale nilipogonga chuma. Mwenyekiti wa kile kikundi, nimwite Mama Mutinda, ambaye kila nikifika alikuwa ananipa uji, akaacha kunipa. Siku moja akaniuliza mbele ya wenzake, "Mwiitu, binti yangu, si tulikukaribisha hapa kama mtoto wetu? Sasa mbona kila mahali unagonga hiyo chuma yako, lori inakuja? Wewe unafanyia nani kazi?" Nikaanza kukusanya chuma na nyundo yangu, na hapo ndipo nikazidi kuonekana mwizi.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama mume wangu kwa jicho lingine. Simu yake siku hizi inalala kifudifudi. Akipigiwa anatoka mpaka nje kwenye banda la kuku. Nilipomuuliza kama pale dukani anauza na mchanga, alicheka. "Mimi nauza simiti na misumari. Mchanga mtu anajitafutia." Nikajiambia labda anaropoka tu na madereva wanaokuja kununua simiti, maana ni mtu wa mdomo, hilo nalijua. Nilitaka sana iwe hivyo.

Nikaamua kumtega. Nilimwambia yeye peke yake, hata msimamizi wangu wa chuo sikumwambia, kwamba nimepata mahali penye kina kuliko kote, karibu na mkuyu ulioanguka. Uongo mtupu. Pale mchanga haufiki magotini, chini ni mwamba. Hata wiki haikuisha, Mama Mutinda akasahau kuninunia, akanipigia simu huku anacheka. "Aiya! Leo hawa wezi wamechimba kwa mawe! Beleshi zao zimepinda bure. Sijui ni nani amewadanganya." Nikacheka naye kidogo, nikakata simu, nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa wazee wameitwa. Kila mtu anayeingia mto huo, nami nikiwemo, anatakiwa ale kithitu kwamba si yeye aliyetoa habari za mchanga. Kwa msio Wakamba, kithitu ni kiapo ambacho ukikila kwa uongo hakikushiki peke yako, kinaingia mpaka nyumbani mwako. Mimi ni mtu wa kanisa, vitabu vya sheria vimejaa hadi chini ya kitanda, na bado naogopa, siwadanganyi. Nikikataa kula, nimejishtaki mwenyewe, na hakuna atakayeniruhusu kukanyaga mto ule tena. Nikila, nimeapa uongo, kwa sababu habari zilitoka kinywani mwangu, hata kama niliyemwambia ni mume wangu. Nikisema ukweli wote, baba wa watoto wangu atafungwa. Nasomea sheria, najua anayemwonyesha mwizi njia hana usalama.

Juzi asubuhi nilimweleza habari ya kiapo, nikamkazia macho nione atafanyaje. Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Kula tu," akasema. "Kwani wewe umekosea nini?" Akachukua funguo za duka, akafika mlangoni, akasimama. Akaniuliza bila kugeuka, "Lakini hiyo kithitu, inashika bibi peke yake ama mpaka bwana?"

Watoto hakuwataja. Tangu juzi nampakulia chakula, nakaa naye meza moja, na sijui ninakula na nani. Jumamosi wazee wanatungoja mtoni. Jamani nyinyi mnaosoma hapa, nishikeni mkono: nikisimama mbele ya wale akina mama, niseme nini?