Usipa wa Mama Mkubwa na Neno la Mwisho Ubaoni

Sisi tuliosoma Mbinga katika miaka tuliyoiita ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tunaifahamu baridi ambayo watoto wa leo wanaisoma kwenye jiografia tu. Asubuhi ukungu ulifunika mashimo ya ngoro, yale ya kilimo cha Wamatengo, miteremkoni, nasi tulikwenda shule kwa miguu, kila mmoja na kiazi cha moto mfukoni. Kazi ya kwanza ya kiazi kile ilikuwa kupasha mikono; kuliwa kulikuja baadaye. Harufu ya maganda ya kahawa ilitufuata hadi darasani, na adhuhuri ilipofika tulikuwa tumeuchakaza mpira wa matambara na magoti yetu pamoja nao.

Maduka yaliyokuwa na viberiti na vumbi yalijaa ghafla sabuni za rangi, nguo za mitumba na chupa za dawa ya kuulia wadudu wa kahawa, ambayo awali ililetwa na ushirika peke yake. Kila mtu aliruhusiwa kuuza, na Mama mkubwa, dada yake mama yangu, naye akauza. Alipanda na lori kutoka Liuli akiwa na magunia ya usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, akawauza wakavu sokoni. Alipanga chumba kimoja mjini, akanichukua nikae naye ili nisome. Ada yangu, daftari zangu na ugali wangu vilitoka katika magunia yale. Wenzangu Wamatengo walinitania kila asubuhi, "Mnyasa, leo umeoga au umekuja na ziwa lako?" Nami niliwajibu kwamba watu wa milimani hufahamu maji kwa kusimuliwa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Ndunguru. Nimefundishwa na watu wengi tangu wakati huo, wengine wenye shahada ndefu, na sijamwona wa kumlinganisha naye. Hakulivumilia neno "bad". Tulipokuwa kidato cha pili aliliandika ubaoni, akalitazama kama mtu anayetazama nguo chafu, akalifuta. Chini yake akaandika mengine, akiyapanga kutoka jepesi hadi zito. Mvua inayonyesha siku ya kuanika kahawa, alisema, ni "unfavourable": haina ugomvi na mtu, imekuja tu siku isiyotakiwa. Moshi wa jikoni unaoumiza macho ya mama zenu ni "harmful". Daraja lililooza ni "dangerous". Mwishoni kabisa aliandika "poisonous", yaani chenye sumu, akaweka chaki mezani.

"Hili msilichezee," alisema. "Anayelitamka ameshtaki. Na anayeshtaki huulizwa ushahidi."

Masika ya mwaka huo zikaenea habari sokoni kwamba Mama mkubwa anapulizia usipa wake dawa ya kahawa ili nzi wasitue. Ilisemwa kwamba mtoto amekula akatapika hadi akaishiwa nguvu. Siku iliyofuata watoto walikuwa watatu, na kabla ya Jumapili mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa, ingawa hakuna aliyejua msiba ulikuwa kwa nani. Wanawake walipita mbele ya meza ya Mama mkubwa wakiangalia upande mwingine. Jioni ya tatu alirudi na gunia lilelile alilotoka nalo, akaketi, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, hali ikiwa hivi, lori lijalo tutashuka wote ziwani." Nilielewa maana yake. Kule kwetu, wakati huo, nisingepata shule nyingine.

Kesho yake Mwalimu alitutaka kila mmoja atunge sentensi kwa neno mojawapo la ubaoni. Hyasinti, aliyekaa dawati la mbele, alisimama akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba usipa wa sokoni ni "poisonous". Darasa lote likanigeukia.

"Nani kafa?" Mwalimu akauliza kwa Kiswahili.

"Inasemekana ni mtoto, Mwalimu."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui. Nilisikia kisimani."

"Kisima kina macho?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alitupa kazi ya nyumbani: twende tukamtafute mtoto huyo, na mtu yeyote asirudi na jambo ambalo msimulizi wake hakuliona mwenyewe. Akampa Hyasinti uongozi, na mimi nikaambiwa nifuatane naye nikiwa nimefunga mdomo.

Tulizunguka mtaa mzima. Wale watoto watatu wakapungua wakabaki mmoja, na kaburi likakosa mwenyewe. Yule mmoja tulimkuta kwa bibi yake, anatafuna muwa.

"Shikamoo, bibi," alisema Hyasinti. "Huyu ndiye aliyetapika kwa usipa?"

"Marahaba. Usipa gani? Alipanda lori pamoja na magunia, akaanza kutapika kwenye kona za mlimani hata kamba hazijafunguliwa. Huyu hata ukimpakia kwenye baiskeli anatapika."

Hyasinti alisimulia hayo darasani, uso umemshuka, kisha akasema kwamba basi usipa ule ni mzuri. "Hilo pia hujalithibitisha," Mwalimu alimjibu, akatuchukua hadi sokoni.

Alimwamkia Mama mkubwa kwa heshima, akaomba ruhusa, akachambua gunia hadi chini, akiwanusa kila tabaka. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika meza za jirani, "Samaki hawa hawana dawa. Mtoto alitapika kwa safari ya lori. Bibi yake yupo, kamuulizeni. Lakini mama, hawa wa chini walinyeshewa. Wameota ukungu. Usiwauze."

Niliona aibu na hasira. Nilidhani amekuja kututetea. Mama mkubwa akamwambia, "Umesema kweli, Mwalimu," akawatenga wale wa chini, akawamwaga shimoni watu wote wakiona. Jirani yake, muuza nyanya, alikuwa wa kwanza kusogeza kopo. "Nipimie hao wa juu," alisema. "Aliyemwaga wabovu mbele yangu hawezi kunificha dawa." Jioni ile gunia lilirudi limekunjwa kwapani.

Mama mkubwa aliuza usipa hadi magoti yalipomkataza, nami nikamaliza shule Mbinga.

Leo kijana wangu wa mwisho akisikia wimbo unaompendeza huniambia, "Baba, hii ni hatari." Nikimuuliza hatari kwa nani, ananihurumia. Jezi mpya ni balaa, na pilau la harusi ni noma. Nadhani siku sumu ya kweli ikiingia sebuleni yeye na wenzake wataipigia makofi. Ana simu inayojua Kiingereza kuliko shule yetu nzima. Lakini jina la mtu hufa humo kwa uvumi kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, wala hakuna mwalimu anayelituma darasa zima, katika matope ya masika, kwenda nyumba kwa nyumba kulirudisha.