Nyama Ambayo Wakwe Hawakuila

Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko Timau, kwenye mashamba ya ngano, na kati ya vyakula vyote alivyojifunza pale alikipenda kimoja tu: steki ya kuchoma. Supu zao aliziona nyepesi, keki zao tamu kupita kiasi. Lakini kipande kinene cha nyama ya ng'ombe juu ya makaa alikiheshimu, kwa sababu kuchoma nyama ni kazi ya wanaume hata kwetu Embu, na alifika Timau akiijua nusu.

Nusu ya pili nitaieleza kama alivyonionyesha mimi, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwonyesha. Nyama itoke mgongoni, kwenye sarara, ikatwe unene wa vidole vitatu. Itiwe chumvi asubuhi na iachwe kivulini, kisha ipanguswe kwa kitambaa mpaka ikauke, maana nyama yenye maji huchemka badala ya kuungua. Makaa yarundikwe upande mmoja wa jiko, upande wa pili ubaki mtupu. Nyama ianzie penye moto mkali hadi ishike rangi ya kahawia chini na juu, halafu isogezwe pasipo na makaa imalizikie polepole. Iondolewe ikiwa bado inabonyea kidogo chini ya kidole, ipumzike juu ya ubao. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa njaa. Mwisho ikatwe kwa kukingama nyuzi zake. Ndani huwa nyekundu, na maji mekundu huchuruzika kwenye ubao.

Nilipokuja kujisomea vitabu vya lishe nikiwa mtu mzima, nilijua kwamba maji yale si damu. Damu hubaki machinjoni. Wekundu ule ni rangi ya msuli wenyewe. Baba hakusoma popote, lakini alilijua hilo, na alilisema siku lilipohitajika. Halikumsaidia.

Huko Timau palikuwa na kijana wa Kimeru aliyeendesha trekta. Tulikuwa tumekubaliana, yeye na mimi, na wazazi wa pande zote mbili walijua na walinyamaza kwa namna ya watu wasiopinga. Kisha ikaja Hali ya Hatari, vita vya serikali ya kikoloni na wapiganaji wa msituni. Sisi tuliotoka Embu tukapakiwa kwenye lori na kurudishwa kwetu. Yeye akaachwa amalize mavuno. Baba alishuka na godoro, sanduku moja, na wavu wa chuma wa kuchomea ambao mzungu alimwachia.

Nyumbani hatukukuta nyumba. Watu wote wa tarafa yetu walikuwa wamehamishiwa kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, lenye vijiti vilivyochongwa chini yake, na mlango mmoja uliolindwa na homgadi, askari waliotoka miongoni mwetu wenyewe. Ilipopigwa filimbi ya jioni hakuna aliyetoka. Mchana tulichimba matuta ya serikali. Ndani ya kijiji hicho baba alijenga kibanda, na ndani ya kibanda hicho tukapokea habari kwamba baba wa kijana angekuja kuniposa. Alikuwa amepata pasi ya kutoka Meru asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwetu mambo kama hayo humalizwa kwa nyama. Wazee wa kijana huketi uani, nyama hukatwa mbele yao, na wakishaila wamekubali. Kinachobaki ni mazungumzo ya ng'ombe na asali. Kwa desturi nyama hiyo ni ya mbuzi. Lakini wakati ule mbuzi aliyechinjwa, na kando yake wanaume wachache walioketi pamoja, vilikuwa na maana moja tu machoni pa serikali. Viapo vya msituni vililiwa hivyo. Baba alikwenda kwa mkuu wa kijiji kuomba ruhusa.

"Kuchinja hapana," mkuu alimwambia. "Nunua nyama ya bucha. Mle mchana, ua ukiwa wazi, homgadi awaone."

Basi baba akaenda mjini kwa muuza nyama Mwislamu aliyekuwa nyuma ya soko. Nilikwenda naye kubeba kikapu. Yule muuza nyama alimtazama akichagua, akigeuza, akibonyeza.

"Mzee, sarara yote hii? Unaoa au unaozesha?"

"Naozesha."

"Basi nakuachia na mafuta yake. Mkwe asipoona mafuta huanza kukumbuka binti wa jirani." Akanitazama akacheka, nami nikaangalia chini.

Baba angeweza kuichoma nyama ile kama kila mtu wa Embu anavyochoma, mpaka ikauke na kuwa nyeusi, ya kutafunwa kwa saburi. Mama alimwambia afanye hivyo. "Wewe, hawa ni wakwe. Si wazungu."

"Ndiyo maana," baba alisema. "Mzungu nilimpa iliyo bora kwa sababu alinilipa. Hawa niwape iliyo mbaya?"

Walikuja watatu: baba wa kijana, mdogo wake, na mzee wa kuwasemea. Mimi nilikuwa ndani na mama, na kuta za kibanda zilikuwa bado hazijakandikwa vizuri, kwa hiyo niliona yote. Homgadi alisimama penye nafasi ya mlango wa ua, akivuta sigara. Baba alichoma bila haraka. Aliipumzisha nyama huku akiwauliza habari za mvua. Kisha akakata, na maji mekundu yakatembea kwenye ubao.

Ami wa kijana aliinama akachungulia. "Mkwe, huyu ng'ombe amekufa kweli? Nikimpigia mluzi si atasimama?"

Mzee msemaji akacheka. Baba naye akacheka. "Wazungu wa Timau wanamla hivi hivi na hawajafa."

"Wale wana hospitali yao."

Baba wa kijana hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na kofia yake aliishika magotini. "Mkwe mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nimetoka Meru kwa pasi. Nikikutwa nimekaa na wanaume, katikati yetu nyama inatoa damu, nitasema nini?"

"Si damu. Ni maji ya nyama."

"Mimi nakuamini. Yule pale atakuamini?"

"Basi nairudisha motoni. Itakauka sasa hivi." Baba akanyanyua ubao. Uliinama upande, yale maji yakamwagika mchangani, na homgadi akaona watu wamenyamaza na kitu chekundu kinamwagwa. Akatupa sigara, akaja.

"Mnakula nini hapa?"

"Nyama ya bucha," baba alisema. "Mkuu alinipa ruhusa."

"Ya bucha inatoka damu?" Akawageukia wageni. "Nani amekula?"

"Sisi hatujala," alisema baba wa kijana. Akainua mikono yote miwili ili vidole vyake vionekane vikavu. "Hatujala kitu cha nyumba hii, na hatutakula."

Mama aliyekuwa kando yangu alinishika mkono. Tulielewa sote. Alikuwa anajiokoa, na mtu yeyote angefanya vile. Lakini maneno ya mkwe uani hayana sehemu ya askari na sehemu ya wenye nyumba, yakishasemwa yamesemwa.

Baba alipelekwa kwenye posti, kituo cha homgadi, pamoja na ubao wake kama ushahidi. Wageni waliamriwa waende. Walipita karibu na kibanda bila kugeuza nyuso.

Baba alirudi kabla ya filimbi. Ubao ulikuwa mtupu. Tulimtazama tukingoja.

"Yule mkubwa wa posti alikuwa mpishi jeshini wakati wa vita vya Wajerumani," alisema. "Ameiona tu, akasema, 'Nyinyi wajinga, hii ni steki!' Wakagawana."

"Wameila?" mama aliuliza.

"Wameila yote. Wamesema ni laini."

Akakaa kwenye kigoda.

Alituma ujumbe Meru kwa mfanyabiashara wa tumbaku aliyekuwa na pasi: kwamba serikali yenyewe imekiri nyama haikuwa na kosa, waje tena, kutachemshwa maharagwe tu wakitaka. Jibu lilichukua muda. Mfanyabiashara alilileta akiwa amesimama, hakutaka kuketi. Baba wa kijana alisema hana ugomvi nasi. Lakini alikwisha kusema mbele ya askari kwamba hakula wala hatakula. Akija kula sasa wataanza kuuliza siku ile alikuwa anakataa nini. Na mtoto wake hawezi kuoa katika nyumba ambayo mzee wake amekataa chakula chake.

Nililitafuta kosa katika jibu hilo kwa miaka mingi, kwa namna ninavyotafuta kosa katika hesabu. Sikuliona.

Kijana alioa huko huko Meru. Mimi nilikaa miaka kadhaa kisha nikaolewa na mtu wa Mbeere, upande wa Kiambere, aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto, mtu mpole. Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa na tungeweza kuchinja mbuzi mchana kweupe. Baba hakukubali kushika kisu. Mbuzi alichemshwa kwenye sufuria mpaka nyama ikaachana na mfupa, wakwe wakala wakashiba. Baba aliketi nao, akala kidogo, akasifu mchuzi.

Waliponisindikiza, alinifuata mpaka njiani. Mimi nimerithi jina la mamake, kwa hiyo kila mara aliniita mama.

"Mama," alisema, "yule wa Timau alikuwa kijana mzuri."

"Ndiyo, baba."

"Ningeikausha."

Nikamwambia ndiyo, nikashika mzigo wangu.