Ekari Kumi na Nane za Nyasi Ndefu

Jumanne, tarehe 10 Aprili 1984, Generoza alianza kukagua ardhi ya kijiji cha Mwabasoni saa moja na dakika ishirini asubuhi, akamaliza saa kumi kasoro robo alasiri. Katikati alipumzika dakika ishirini na tano, akala viazi vitamu na kukamua maji kwenye soksi, maana mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Alipita ekari mia mbili na sita, na kila eneo aliliandikia neno lake katika fomu: shamba, makazi, malisho, au halitumiki.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa wakulima wa Ushirombo, aliyesomea uchoraji wa ramani katika chuo cha ufundi. Ofisini ilijulikana kwamba mstari wake haukuhitaji kufutwa. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mpango wa kuirudishia hali yake ya awali ardhi ya mgodi mdogo wa dhahabu uliokwisha kufungwa. Mashimo yangefukiwa, na rundo la mchanga uliosagwa, lililokuwa likitiririsha zebaki kwenye lambo la kijiji kila masika, lingehamishiwa mahali pa juu pasipotumiwa na mtu. Mahali hapo palipatikana upesi katika fomu ya Generoza. Ekari kumi na nane, nyasi zafika kiunoni, hakuna jembe, hakuna nyumba, hakuna hata kinyesi cha mbuzi. Halitumiki.

Mwezi wa Julai alirudi na Theonest, mpima ardhi, kupigilia vigingi. Cha nne hakijazama vizuri, mwanamke wa makamo akatokea kwenye nyasi, fimbo ya kuchungia mkononi.

"Shikamoo, mama," Generoza alisema.

"Marahaba. Mnamzika nani hapa?"

Theonest alicheka. "Hatuziki, mama. Mchanga wa mgodini unakuja kupumzika hapa."

"Upumzike kwenye ngitili yangu?"

Generoza hakulijua neno hilo la Kisukuma. Mama Nkwimba, maana ndivyo alivyoitwa, alimweleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya chooni: mvua zikianza, nyasi za ngitili hufungiwa, asiguse mnyama; kiangazi kikikaza, malisho mengine yakageuka vumbi, ndipo ng'ombe huingizwa humo.

"Wewe ulikuja lini kutazama?"

"Aprili, mama."

"Aprili! Kwenu mnakula mahindi siku mnayoyapanda?"

"Fomu inauliza tu kama eneo linatumika."

"Na hiyo fomu ina macho?"

"Haina. Macho yalikuwa yangu," alijibu Generoza kwa sauti ndogo.

Theonest aliiweka nyundo chini. Generoza alikumbuka kwamba siku ile ya mvua alipita mbele ya nyumba ya mama huyu, mlango uko wazi, moshi unatoka. Fomu haikumdai aulize. Hakuuliza.

Ijumaa alisimama mbele ya meza ya Ndugu Eustace, mkuu wa ofisi, akamweleza yote bila kuketi.

"Makatapila yanaingia wiki ijayo," Eustace alisema. "Tukiyarudisha, hatuyapati tena mwaka huu. Masika yataukuta mchanga pale pale, na watoto watakunywa zebaki. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Silitaki, ndugu. Nataka fomu isahihishwe."

"Mpango una saini saba, Generoza!"

"Zote saba zimetegemea neno langu."

Eustace alijifuta uso, akamwambia kwamba akiwa na mahali pengine, amletee Jumatatu saa mbili. Jumamosi yote Generoza alichora. Kilima cha mawe kilichokuwa mashariki kingeweza kubeba sehemu ya mchanga, si wote. Alipiga hesabu mara tatu na mara zote jibu likawa lile lile: ekari saba zingepona, kumi na moja zingefunikwa. Chini ya ramani mpya aliandika kwamba kosa la awali lilifanywa na mkaguzi, akaweka jina lake kamili. Ramani ilikubaliwa. Barua ya onyo ikaingia katika jalada lake.

Hakumwachia Theonest apeleke habari. Alikwenda mwenyewe, na Mama Nkwimba akamsikiliza huku akichambua mtama.

"Saba?"

"Saba, mama. Nimeshindwa kupata zaidi."

"Ng'ombe wangu ni tisa. Nao utawachora upya wapungue?"

Generoza alikaa mpaka mtama wa kwenye ungo ulipokwisha, kisha akaaga.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 1985, maji ya lambo yalipimwa yakaonekana hayana zebaki. Nyasi za ekari saba zilikwisha katika wiki ya tatu ya mwezi huohuo, na Mama Nkwimba akawaswaga ng'ombe wake tisa hadi kwa shemeji yake karibu na Isaka; walifika sita.